Kisa cha fialuridini: dawa iliyopita kwa panya, mbwa na nyani, kisha ikaua watu 5

Ilikuwa wiki ya 13 ya jaribio la dawa lililopangwa kwenda wiki 24. Mahali ni hospitali ya utafiti ya Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, mjini Bethesda, jimbo la Maryland. Mwaka 1993, mwezi Juni. Mgonjwa mmoja kati ya 15 alizidiwa ghafla: ini lilikuwa linashindwa kazi na damu yake imejaa asidi ya laktiki. Timu ya Jay Hoofnagle, bingwa wa magonjwa ya ini aliyeongoza utafiti huo, ikasimamisha jaribio kwa dharura, na wagonjwa wote waliokuwa bado wanameza dawa wakaambiwa waache mara moja.

Kwa dawa nyingi, hapo ndipo hatari huanza kurudi nyuma. Unaacha kumeza, mwili unaisafisha, vipimo vinatulia. Safari hii haikuwa hivyo. Watu waliokwisha kuacha dawa waliendelea kuwa manjano, asidi ikaendelea kupanda, na ini likazidi kushindwa kutengeneza protini ambazo mwili unazitegemea. Wagonjwa 7 waliathirika vibaya na wengine 3 kwa kiasi kidogo. Katika wale 7, watu 5 walifariki. Wawili walipona baada ya kupandikizwa ini la mtu mwingine.

Dawa hiyo iliitwa fialuridini, kwa kifupi FIAU. Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi katika mihadhara ya famasia kama mfano wa jinsi wanyama wa maabara wanavyoweza kutuhadaa. Mimi nakirudia kwa sababu nyingine. Miaka 21 baadaye dawa hiyohiyo ilipewa panya wenye ini la binadamu, na safari hii panya walisema ukweli. Kati ya tukio la kwanza na la pili kuna jambo ambalo watu wengi hulipita haraka: kuna njia zaidi ya moja ya kumfanya panya afanane na binadamu, na njia uliyochagua ndiyo inayoamua ni hatari ipi utaiona na ipi itakupita.

Tofali bovu

Fialuridini ni nukleosidi bandia. DNA yetu, na ya virusi pia, hujengwa kwa vipande vidogo vinavyopangwa kimoja baada ya kingine kama matofali. Dawa za kundi hili zimetengenezwa zifanane na matofali hayo kiasi cha kumdanganya fundi. Virusi vya homa ya ini B vinaponakili DNA yake, vinachukua tofali bovu vikidhani ni zima, na unakili unaharibika.

Na kwa virusi, dawa ilifanya kazi. Katika jaribio fupi la wiki 4 lililotangulia, kiwango cha virusi kwenye damu kilishuka sana, na hilo ndilo lililowapa watafiti moyo wa kupanga jaribio refu. Mwaka 1993 tiba za homa ya ini B zilikuwa chache mno, na ugonjwa huo huishi kimyakimya mwilini kwa miaka mingi kabla ya kuleta sirosi au saratani ya ini. Wagonjwa waliojitolea walikuwa na sababu nzuri ya kutumaini.

Dozi ilikuwa ndogo. Kundi moja lilipewa miligramu 0.10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, jingine miligramu 0.25. Kwa mtu wa kilo 70 dozi ya juu ni miligramu 17.5 kwa siku. Kabla ya hapo dawa ilikuwa imejaribiwa kwa panya wadogo, panya wakubwa, mbwa na nyani, kwa viwango vilivyofika mara mamia ya kile walichopewa watu. Hakuna mnyama hata mmoja kati ya hao aliyeonyesha kwamba ini la binadamu lilikuwa hatarini.

Ukitazama karatasi tu, hiyo ni dawa yenye nafasi kubwa ya usalama. Watu walikufa kwa sehemu ndogo sana ya dozi ambayo panya waliivumilia.

Kwa nini vipimo vya damu havikulia mapema

Hapa inafaa kusogea karibu na ini lenyewe. Sampuli za wagonjwa zilipowekwa chini ya hadubini, seli zilionekana zimejaa mafuta: matone madogomadogo katika nyingine, makubwa katika nyingine. Lakini seli zilizokufa zilikuwa chache. Umbo la jumla la ini lilikuwa halijavurugika sana. Chini ya hadubini ya elektroni, mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, zilikuwa zimeharibika umbo.

Picha hiyo inaeleza mengi. Kipimo cha kawaida cha ini, kile ambacho karibu kila mgonjwa wa ini anakijua, hupima vimeng'enya vilivyovuja kutoka kwenye seli zilizopasuka. Kama seli hazipasuki, kipimo hakina kitu kikubwa cha kuonyesha. Seli za wagonjwa hawa zilikuwa bado nzima kwa nje huku ndani zikiishiwa nguvu. Tena, kwa mgonjwa wa homa ya ini B, vimeng'enya kupanda kidogo katikati ya tiba kunaweza kuwa habari njema, kwa kuwa mara nyingine huonyesha kwamba kinga ya mwili imeamka na inashambulia seli zenye virusi. Dalili nyingine, kama uchovu na kichefuchefu, ni zile ambazo daktari yeyote huzisikia kila siku kwa wagonjwa wa aina hii. Naamini mtu makini kabisa angeweza kuketi na takwimu hizo za wiki ya 8 au ya 10 asione kinachokuja.

Chanzo cha yote ni mitokondria hizo. Mitokondria zina DNA yake fupi, mbali na ile iliyo kwenye kiini, na zina kimeng'enya chake cha kuinakili kinachoitwa polimerasi gama. Kimeng'enya hicho kilichukua fialuridini kama tofali zima. Dawa nyingine za kundi hili zikishapachikwa kwenye mnyororo wa DNA, mnyororo unakatika hapohapo. Fialuridini haikati. Ina sehemu ya kushikia tofali linalofuata, kwa hiyo ujenzi unaendelea, na tofali bovu linabaki ndani ya ukuta. Ni pale yanapopangana kadhaa kwa mfululizo ndipo kimeng'enya kinakwama. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi: kila unakili unaongeza ubovu kidogo, DNA ya mitokondria inapungua, vinu vinazimika kimoja baada ya kingine.

Seli isiyo na vinu hulazimika kuvunja sukari kwa njia ya mkato, na taka ya njia hiyo ni asidi ya laktiki. Mafuta nayo, ambayo huchomwa ndani ya mitokondria, hubaki bila wa kuyachoma na kuanza kujilimbikiza. Ndiyo matone yale. Na kwa kuwa tofali bovu limeshajengewa ndani, kuacha kumeza dawa hakuling'oi.

Mlango uliopo kwetu na usiopo kwa panya

Lakini panya naye ana mitokondria na ana polimerasi gama. Kwa nini alipona?

Sehemu muhimu ya jibu ilikuja mwaka 2006, kutoka kwa kundi la Jashvant Unadkat katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Nukleosidi haipenyi utando wa seli yenyewe. Huingizwa na protini maalumu zilizopachikwa kwenye utando, kama mlango wenye bawabu. Moja ya protini hizo inaitwa ENT1. Kwa binadamu ENT1 hukaa kwenye utando wa nje wa seli na pia kwenye utando wa mitokondria. Kwa panya inakaa nje tu. Fialuridini iliyoingia kwenye seli ya panya ilibaki ukumbini, wakati kwa binadamu ilikuta mlango wa pili uko wazi, ikapita hadi chumba cha ndani.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. ENT1 ya binadamu ina asidi amino 456, yaani vipande vinavyounganishwa kuijenga protini. Ndani yake kuna kipande kifupi cha asidi amino nne ambacho hufanya kama anwani ya kuipeleka protini kwenye mitokondria: ya kwanza ni prolini, ya pili glutamati, ya tatu yoyote, ya nne asparajini. Panya kwenye nafasi hizohizo ana prolini, kisha alanini, kisha yoyote, kisha serini. Mbili zimebadilika. Watafiti walipoibadilisha ENT1 ya binadamu katika kipande hicho ifanane na ya panya, ilipoteza njia ya kwenda kwenye mitokondria. Nimekisoma kipande hiki cha kisa mara nyingi na bado kinanisimamisha, kwamba asidi amino mbili kati ya 456 zilitosha kufanya majaribio ya panya yasiweze kulijibu swali waliloulizwa.

Sidhani mlango huo pekee unamaliza hesabu yote ya wanyama wote waliotumika. Mbwa na nyani wana mambo yao, na muda wa majaribio nao una nafasi yake, nitakuja hapo. Ila unaonyesha wazi jambo moja: kuongeza dozi hakusaidii kama njia yenyewe haipo. Unaweza kummiminia panya dawa mara mia, na mara mia hizo zote zitaishia ukumbini.

Panya wa jeni na panya wa seli

Watu wakisikia habari za panya waliotiwa ubinadamu huwaza kitu kimoja. Vipo viwili, na kwa kisa hiki tofauti yake ndiyo kiini.

Njia ya kwanza ni ya jeni. Unachukua jeni moja ya binadamu, au kundi la jeni, na kuiweka kwenye DNA ya panya, mara nyingi mahali pale ambapo jeni ya panya inayofanana nayo ilikuwa. Panya anazaliwa nayo, anairithisha kwa watoto wake, na kila panya wa ukoo huo ni kama mwenzake. Wapo panya wenye kimeng'enya cha binadamu cha kuvunja dawa, wapo wenye jeni za kingamwili za binadamu wanaotumika kutafuta dawa za kingamwili, wapo wenye ACE2 ya binadamu, protini ambayo virusi vya korona huishika ili kuingia kwenye seli. Hao wa mwisho ni mfano mzuri wa faida na mtego. Walitengenezwa kwa ajili ya SARS, ugonjwa wa mapafu wa virusi vya jamii hiyo, na kuelezwa mwaka 2007, na virusi vya korona vilipolipuka mwaka 2020 vikashindwa kushika vizuri ACE2 ya panya wa kawaida, ukoo huo ukahitajika dunia nzima. Lakini jeni yao iliwekwa chini ya swichi ya jeni nyingine, iitwayo keratini 18, inayowasha ACE2 hata pale ambapo kwa kawaida isingekuwa nyingi. Panya wengi wa ukoo huo wakiambukizwa hupata maambukizi makali ya ubongo, na vifo vyao havifanani na vya wagonjwa wengi wa kibinadamu. Jeni ilikuwa ya binadamu kweli. Mahali na kiasi vilikuwa vya kubuni.

Njia ya pili ni ya seli. Hapa jeni za panya hubadilishwa kwanza ili awe mwenyeji asiyemfukuza mgeni, kisha anapandikizwa seli hai za binadamu. Seli hizo huja na jeni zake zote, milango yake yote, na anwani zote za protini zake, zile tunazozijua na zile ambazo hakuna aliyewahi kuziandika.

Sasa rudi mwaka 1993. Hakuna aliyejua kwamba kuna mlango wa ENT1 kwenye mitokondria za binadamu. Hata kama maabara ingekuwa na uwezo wote wa kuhamisha jeni, nani angechagua hiyo? Panya wa jeni hujibu swali ambalo tayari unajua kuliuliza. Panya wa seli anaweza kukujibu swali ambalo hujui kama lipo, ilimradi tatizo liko ndani ya aina ya seli uliyompandikiza. Kwa sumu isiyojulikana inatokea wapi, mimi naona njia ya pili ndiyo ya kuanza nayo, na ya kwanza ije baadaye, kuthibitisha kwamba mlango ulioushuku ndio mhalifu.

Jinsi ini la mtu linavyokaa ndani ya panya

Panya wa kawaida akipewa seli za mtu atazikataa. Mwaka 1983 maabara ya Philadelphia ilieleza panya waliozaliwa na hitilafu ya jeni iliyowafanya wasiwe na seli T wala seli B, nguzo mbili za kinga. Waliitwa scid. Bado walikuwa na seli za kinga za asili zenye uwezo wa kuua seli ngeni. Iliwachukua watafiti karibu miaka 20 kuongeza hitilafu nyingine, ya kipokezi kiitwacho IL-2 gama, juu ya ukoo wa panya ambao seli zao mlaji huvumilia seli za binadamu. Ukoo uliotokana na kazi hiyo katika Taasisi Kuu ya Wanyama wa Majaribio, Kawasaki, Japani, ukaelezwa mwaka 2002 kwa jina NOG. Panya wa NOG hana karibu chochote cha kumpinga mgeni. Kwa sababu hiyohiyo hukaa maisha yake yote kwenye vizimba vya hewa iliyochujwa. Kijidudu ambacho panya mwingine asingekihisi kinaweza kummaliza.

Lakini hata mwenyeji mpole anahitaji kuwa na chumba kitupu. Ini la panya likiwa zima, seli za mgeni hazina pa kukua. Ndipo ulipotengenezwa ukoo wa TK-NOG: ndani ya NOG imewekwa jeni ya kimeng'enya kutoka virusi vya herpesi, timidini kinasi, ikiwa chini ya swichi ya albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, na swichi hiyo huwaka kwenye seli za ini tu. Kimeng'enya hicho peke yake hakidhuru. Ukimpa panya gansikloviri, dawa ya kupambana na herpesi, kimeng'enya kinaigeuza kuwa sumu ndani ya seli zilezile zilizo nacho. Seli za ini la panya zinakufa, nafasi inapatikana.

Kisha sindano. Panya mzima ana uzito wa gramu 20 hivi. Seli za ini la mtu, zilizotolewa kwa mchangiaji na kugandishwa, huingizwa kwenye wengu lake kupitia mkato mdogo ubavuni. Kutoka kwenye wengu mshipa wa damu huzipeleka moja kwa moja hadi kwenye ini, nazo hujishikiza pale seli za panya zilipoanguka na kuanza kugawanyika. Wiki kadhaa baadaye fundi wa maabara huchukua tone la damu na kupima kitu kimoja: albumini ya binadamu. Ini la mtu hutengeneza albumini yake na kuimwaga kwenye damu, hata likiwa ndani ya panya. Kiwango kikiwa juu, sehemu kubwa ya ini ni ya mtu. Kikiwa chini, panya huyo hafai kwa kazi hii. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kuitafuta katika ripoti yoyote ya aina hii.

Jaribio la 2014

Mwaka 2014 kundi la Gary Peltz wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzao wa Kawasaki, lilichapisha matokeo ya kuwapa panya hao fialuridini kwa siku 14. Dozi zilikuwa miligramu 400, 100, 25 na 2.5 kwa kila kilo kwa siku. Panya wenye ini la binadamu wakawa manjano, wakalegea, vimeng'enya vya ini vikapanda, asidi ya laktiki ikapanda. Ini lao chini ya hadubini lilifanana na la wagonjwa wa Bethesda, pamoja na mitokondria zilizoharibika. Sumu ilionekana hata kwenye dozi ya chini kabisa, ambayo kwa uzito ni mara 10 tu ya ile ya juu waliyopewa watu.

Mara 10 inaweza kuonekana nyingi. Lakini dozi za panya na za watu hazilinganishwi kwa kilo dhidi ya kilo; mnyama mdogo huichoma dawa haraka zaidi. Kanuni inayotumika sana kwa kulinganisha eneo la mwili hugawanya dozi ya panya kwa 12.3. Miligramu 2.5 ukigawa kwa 12.3 unapata 0.2. Wagonjwa walipewa kati ya 0.10 na 0.25. Kwa kanuni hiyo, panya waliugua kwa dozi ileile ya watu. Hesabu hii ya mstari mmoja hunishtua kuliko picha zote za hadubini.

Kilichonifanya niyaamini zaidi matokeo hayo ni kwamba hawakuishia kwenye dawa mbaya. Waliwapa panya wa aina hiyohiyo sofosbuviri pia, dawa ya homa ya ini C iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2013, nayo ni ya familia ya nukleotidi bandia, ndugu wa nukleosidi. Ini halikudhurika. Mnyama anayeugua kwa kila dawa ya kundi hili angekuwa hana maana, huyu alitofautisha.

Hata hivyo lipo swali ambalo msomaji makini lazima alishike. Ile timidini kinasi ya herpesi iliyowekwa ndani ya TK-NOG inaipenda fialuridini. FIAU iliyotiwa mionzi imetumika kwa miaka mingi kupiga picha za seli zenye kimeng'enya hicho, kwa sababu kimeng'enya huibana FIAU ndani ya seli. Seli za panya zilizobaki kwenye ini bado zinacho. Kwa hiyo mlinganisho wa haki kwa dawa hii si panya wa kawaida wa dukani. Ni panya wa TK-NOG yuleyule, mwenye kimeng'enya kilekile, asiyepandikizwa seli za mtu. Kila unapotumia mnyama aliyebadilishwa jeni, badiliko lenyewe linaweza kugusana na dawa yako, na mtu aliyezoea kufikiri kwamba jeni ya mwenyeji ni fenicha tu atapigwa hapo.

Kile ambacho panya huyu hakioni

Wagonjwa wa 1993 hawakuugua ini peke yake. Kadhaa walipata uvimbe wa kongosho, wengine misuli kudhoofika, wengine mishipa ya fahamu kuathirika. Panya wa TK-NOG ana ini la mtu na kongosho la panya, misuli ya panya, neva za panya. Kwa dawa ambayo inaua neva kwanza na kuliacha ini, angetoka mzima na ripoti ingeandikwa salama.

Hana kinga. Madhara mengi ya dawa kwenye ini huletwa na mfumo wa kinga unaoanza kuishambulia seli iliyobadilishwa na dawa, na hayo hayawezi kutokea kwa mnyama asiye na wa kushambulia. Hata ndani ya ini lenyewe, ni seli kuu tu ndizo za mtu. Mishipa midogo na seli mlaji zinazolizunguka ni za panya. Na kuna jambo dogo linalosahauliwa: homoni ya ukuaji ya panya haiamshi kipokezi cha binadamu, kwa hiyo seli za mtu ndani ya panya hukosa homoni hiyo na zina tabia ya kujijaza mafuta hata bila dawa. Kwa sumu ambayo alama yake kubwa ni mafuta kwenye ini, panya wasiopewa dawa lazima watazamwe kwa makini sawa na waliopewa.

Sheria iliyotiwa saini Marekani Desemba 2022 imeondoa sharti kwamba kila dawa lazima ipite kwa wanyama kabla ya watu, na kufungua mlango kwa seli na vifaa vingine. Naiunga mkono, tena kwa moyo wote, kwa sababu panya anayekufa kwa ini kushindwa anateseka kweli. Lakini nikifikiria wale watu 5, sioni njia ya kusema panya wa TK-NOG hakustahili kuwepo.

Bado kuna mnyama mmoja sijamtaja. Marmota wa Amerika Kaskazini, wa jamii ya kindi, hubeba virusi vilivyo ndugu wa homa ya ini B, na kwa hiyo amekuwa akitumika kupima dawa za ugonjwa huo. Marmota waliopewa fialuridini kwa wiki 4 walionyesha virusi kushuka, bila dalili ya sumu. Wengine walipopewa miligramu 1.5 kwa kilo kwa wiki 12, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, ulaji wao ulianza kupungua karibu na wiki ya 6 au 7. Wakakonda, misuli ikaisha, wakazubaa. Wote walikufa au kuuawa ili wasiteseke zaidi, kati ya siku ya 78 na ya 111. Hakuna jeni ya binadamu iliyoingizwa hapo, wala seli. Kilichobadilika ni kalenda.

Ndiyo maana nikisoma leo ripoti ya panya wenye ini la binadamu waliotumika kuikagua dawa mpya ya kundi hili, nikishaiona ile namba ya albumini huenda moja kwa moja kutafuta idadi ya siku. Wagonjwa wa Bethesda walitakiwa kumeza dawa kwa siku 168. Kama panya walipewa kwa 14 tu na dozi haikupandishwa kufidia, na ripoti inasema hakuna kilichoonekana, naandika pembeni: wiki ya 13 bado haijafika.